Mshenga Aliyekutwa Juu ya Mti

Wadau, leo nimeadhirika. Tena si kidogo. Nimeadhirika mchana kweupe, nikiwa nimevaa kanzu, mbele ya watu niliokwenda kuwaomba binti yao.

Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Nawajua nyinyi. Kufika kesho adhuhuri habari itakuwa imeshatua Oxon Hill, mwisho mwingine wa Maryland, na itatua huko ikiwa na nyoka na zimamoto ndani yake. Hapakuwa na nyoka. Zimamoto walitajwa, lakini hawakuitwa. Mengine yote mtakayoyasikia huenda ni kweli.

Tuanzie mwanzo. Binamu yangu Idi, yule wa Adelphi, anataka kumuoa Warda, binti wa Mzee Hemed wa Lanham. Wanapendana, na kila mtu anajua, hata Mzee Hemed anajua. Lakini Mzee Hemed ni mtu wa taratibu. Amekaa Marekani miaka ishirini na tano na bado anataka posa iletwe nyumbani na mshenga, pamoja na watu wazima waliovaa wakavaika, na bwana harusi mtarajiwa asionekane hata kivuli. Mwezi wa tatu Idi alimtuma rafiki yake mmoja. Yule bwana akachelewa saa mbili nzima, kisha akajitetea kwamba kulikuwa na ajali kwenye Beltway, ile barabara kuu ya mzunguko. Bahati mbaya Mzee Hemed alikuwa ametoka huko huko Beltway nusu saa nyuma. Ajali hakuiona. Posa ikarudishwa mlangoni, hata chai haikumiminwa.

Baadaye Mzee akatuma salamu: "Kuchelewa nasamehe. Uongo sisamehi. Wakitaka kurudi, waniletee mtu ambaye neno lake naweza kuliamini."

Ndipo Idi akaja kwangu. (Kwa nini kwangu? Hilo ndilo swali analoniuliza mke wangu Salma tangu jioni.) Akaniambia, "Kaka, wewe ni mtu mzima, una mvi, una kazi ya maana. Nisaidie. Safari hii ikiharibika, Mzee hatanisikiliza tena." Kazi yenyewe ni ufundi wa lifti kule mjini D.C. Kila siku napandisha watu na kuwateremsha salama. Likumbukeni hilo mnapoendelea kusoma.

Nikamwambia Idi, "Niachie mimi." Nikajipiga na kifua.

Sasa, nina ugonjwa mmoja ambao wengi wenu hamuujui. Kuna mchezo wa hapa, wenyewe wanauita geocaching. Mtu anaficha kisanduku mahali, msituni au bustanini, kisha anaandika kwenye tovuti namba za mahali hapo. Wengine mnachukua kile kidude cha satelaiti, GPS, mnafuata namba mpaka mnakipata. Ndani mna kijidaftari. Unaandika jina lako la mchezo na tarehe, unakirudisha palepale, unakwenda zako. Basi. (Ndiyo, najua mnachotaka kuuliza. Subirini, Mzee Hemed naye aliuliza hivyo hivyo.)

Heshima kubwa kwenye mchezo huu ni kuwa wa kwanza kukipata kisanduku kipya. Mimi nina miaka mitatu natafuta, na sijawahi kuwa wa kwanza hata mara moja. Wapo wastaafu fulani wanaoamka alfajiri na tochi za kichwani. Kila nikifika nakuta wameshaandika.

Leo asubuhi nafungua kompyuta, nini naona? Kisanduku kipya, Lanham. Si Lanham tu, ni karibu kabisa na anwani ya Mzee Hemed. Na si cha namba za wazi. Ni cha fumbo, na fumbo lenyewe ni BAO!

Wallahi nilisimama. Aliyelitunga ni Mmarekani mweusi mmoja, Bwana Curtis, mfanyakazi wa posta mstaafu aliyejifunza Kiswahili darasa la jioni. Nilishakutana naye mara moja. Anaongea Kiswahili safi kuliko sisi, kama anasoma taarifa ya habari. Alikuwa ameweka picha ya bao lenye kete zake na maelezo: anza na shimo fulani, cheza mpaka mkono ulale, yaani kete ya mwisho iangukie shimo tupu, kisha hesabu kete zilizobaki katika mashimo haya na haya. Hesabu hizo ndizo tarakimu za mahali. Na chini akaandika: kisanduku kipo mtini, juu kidogo.

Hebu fikirini. Maryland nzima, nani mwingine wa kulifumbua hilo? Wale wastaafu na tochi zao wanalijua bao? Mimi nimekulia barazani Ng'ambo, kule Unguja, nimechezea bao na watu waliokuwa wakicheza tangu ukoloni. Nikachukua maharage ya Salma jikoni (aliyatafuta baadaye), nikapanga juu ya meza, nikacheza. Mkono ukafika kwenye nyumba, lile shimo kubwa. Hapo mchezaji ana hiari: aendelee au alale. Sisi wa barazani nyumba hatuivunji hovyo. Nikalala. Nikahesabu. Nikapata namba. Nikaziingiza kwenye GPS.

Kulikuwa na kidokezo pia, kimefichwa, unakifungua ukitaka. Sikukifungua. Kidokezo ni cha wasiojua bao.

Mpango wa posa ulikuwa hivi: saa tisa na nusu tukutane kwenye maegesho ya duka moja karibu na kwa Mzee, kisha saa kumi kamili tupige hodi. Msafara wetu ni mimi, Salma, na Mzee Kombo, mzee wetu wa heshima ambaye angekaa kimya na kutikisa kichwa panapostahili. Wao wawili wangekuja na gari la Mzee Kombo.

Saa saba na nusu nikavaa. Kanzu nyeupe pee, Salma kaipiga pasi mpaka inasimama yenyewe. Kofia. Makubadhi. Udi kidogo. Salma akaniuliza, "Saa saba unakwenda wapi?"

"Nakwenda kuiangalia njia, tusije tukapotea."

"Njia si umeichapisha kwenye karatasi?"

"Karatasi haionyeshi maegesho." (Nilijibu bila hata kupepesa jicho. Ndiyo, huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku. Sikuuhesabu.)

Nikaegesha upande wa bustani ya umma, nikaingia kwenye njia ya miguu. Mwezi wa tano huu, majani yamejaa, mahali panapendeza. Watu wanakimbia mazoezi, wananiangalia. Mama mmoja akaniambia kanzu yangu nzuri. Nikamshukuru kwa unyenyekevu, huku mkononi nimeshika GPS ya njano.

Mshale ukanitoa njiani, ukaniingiza mitini. Mita mia. Mita hamsini. Mita kumi. Nikatokea kwenye mti mmoja mkubwa, matawi yake ya chini yanafikika. Nyuma yake kulikuwa na majani yaliyokatwa vizuri na kibanda cha vifaa. Nikajua ni kibanda cha wafanyakazi wa bustani. Uzio hapakuwa nao.

Nikainua macho. Lo! Pale juu, futi kumi na mbili hivi, kimefungwa kisanduku cha mbao chenye tundu mbele. Nyumba ya ndege! Nikacheka peke yangu. Wachezaji wa mchezo huu wanapenda sana kuficha vitu ndani ya nyumba za ndege za bandia. Curtis, nikasema, nimekupata.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angerudi kesho na suruali. Lakini kesho ni ya wale wastaafu. Nikavua makubadhi, nikayapanga chini ya mti sawasawa kama mlangoni kwa watu. Nikaipandisha kanzu, nikaifunga fundo kiunoni. Ndani nilikuwa na bukta ya mpira, nyekundu, namba tisa. Nikapanda.

Jamani, nilipanda vizuri! Hilo mniachie. Miaka arobaini na sita, na nilipanda bila kutweta. Nikafika, nikafungua kifuniko. Ndani nyasi kavu tupu. Nikasema huyu bwana ni fundi, ameficha kijidaftari chini ya nyasi. Nikapekua. Hamna. Nikapekua tena mpaka chini kabisa. Hamna kijidaftari, hamna chochote.

Desturi yetu ni kwamba ukikuta daftari limepotea, unaacha karatasi yako ili mwenyewe ajue umefika. Nina karatasi daima. Nikaegemea shina, nikaandika kwa herufi kubwa: WA KWANZA! Kisha nikaongeza neno la uchambuzi, kwa sababu furaha ilinizidi: "Fumbo zuri. Sanduku limeundwa ovyo, misumari imekwenda upande, lakini mahali pa kuficha ni pazuri. Leo Jumamosi, saa nane na nusu. Fundi Lifti." Fundi Lifti ndilo jina langu la mchezo. Nikaikunja, nikaisukuma ndani, nikafunga kifuniko.

Miaka mitatu! Nilikaa pale juu kidogo, nikitabasamu na majani.

Kisha nikaanza kushuka. Na fundo la kanzu likafunguka.

Sijui niieleze vipi. Nilikuwa nateremsha mguu wa kulia, na papo hapo kigutu cha tawi lililokatwa kikaingia kwa nyuma ndani ya kanzu, kikapanda nayo mpaka mabegani. Mimi nateremka, kanzu inabaki. Nikasimama na ncha ya kidole cha mguu mmoja juu ya tawi, mguu wa pili hewani, kanzu imenibana makwapani, na bukta namba tisa inapunga upepo. Kwenda juu siwezi. Kwenda chini, kanzu inalia "krrr" na mimi nasimama. Kanzu ya posa hiyo! Nikiichana, kwa Mzee Hemed nitaingia na nini?

Nikajaribu kujizungusha. Krrr. Nikatulia.

Nikiwa nimetulia hivyo, mwenye nyumba akarudi. Ndege mdogo wa kahawia, hata ngumi yangu hafiki. Akatua juu ya kisanduku, akanitazama, akaingia ndani, akatoka. Nadhani alikuta nilivyomvurugia nyasi. Akaanza kunipigia kelele, kisha akanirukia kofia. Ndipo nikaanza kupata wasiwasi kwamba ile nyumba ya ndege huenda ni nyumba ya ndege.

Nilikaa pale karibu saa nzima. Nilisoma dua zote ninazozijua. Niliwaza kuomba msaada, lakini niite nani, na niseme nini? Nikaamua nitulie mpaka nijinasue mwenyewe, kimya kimya, na dunia isijue.

Saa tisa na nusu, simu ikalia. Ilikuwa mfukoni mwa kanzu, na mfuko ulikuwa kisogoni kwangu. Mlio niliouweka ni wa taarabu, vinubi na fidla, sauti ya mwisho. Ni Salma, yuko maegesho, ananitafuta. Ikalia, ikakatika, ikalia tena.

Upande wa pili wa kile kibanda, dirisha la ghorofani likafunguliwa. Ala! Kumbe nyuma ya majani ya miti kulikuwa na nyumba. Nyumba ya watu!

Msichana akatoa kichwa. Akatazama mti. Akanitazama mimi. Akageuka ndani akaita kwa sauti ambayo sitaisahau:

"Baba! There's a man in our tree! Na amevaa kanzu! Kind of, nusu nusu!"

Nikafumba macho. Mara nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, na hatua za taratibu zinakuja kwenye majani. Zikasimama. Nikajua zimefika kwenye makubadhi.

"Assalaam alaikum," sauti ikasema chini yangu.

"Wa alaikum salaam," nikajibu. (Ningejibu nini tena?)

"Wewe nani, na unafanya nini juu ya mti wangu?"

Nikafumbua macho. Mzee wa makamo, kofia ya viua, miwani, kanzu ya kijivu imepigwa pasi kama yangu ilivyokuwa. Nyuma yake, kupitia mlango ulio wazi, niliona meza iliyotandikwa kitambaa, birika la kahawa na sahani za halua. Halua ya wageni wa saa kumi.

Damu ikanishuka yote miguuni, ule uliokanyaga na ule ulioning'inia.

"Mimi… ni mgeni wenu," nikasema.

"Mgeni gani?"

"Wa saa kumi."

Mzee Hemed akasogea karibu na shina. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mshenga?"

"Ndiye."

"Umekuja mapema," akasema. Kisha akarudia swali lake, polepole. "Unafanya nini hapo?"

Wadau, hapa ndipo nilipoanguka. Kwenye mti sikuanguka, niliangukia hapa. Nilikuwa na ukweli mdomoni. Ukweli wenyewe ulikuwa wa kipuuzi, lakini ulikuwepo. Yule ndege akapita mbele ya pua yangu, na mdomo ukasema peke yake:

"Kinda. Nilikuwa napita, nikaona kinda limeanguka chini. Nikaona huruma. Nikalirudisha kwenye kiota."

Uso wa Mzee ukabadilika. Wallahi laiti usingebadilika. Ukalainika wote, macho yakamlengalenga. "Masha Allah," akasema. "Sanduku hilo nimeliunda kwa mikono yangu. Marehemu mke wangu alikuwa anawapenda sana ndege hawa. Kila mwaka wanarudi, na kila mwaka nakaa dirishani nawangojea. Warda! Lete ngazi! Mwite na jirani, huyu ni mtu wa heshima!"

"Tusiite zimamoto?" akauliza Warda.

"Ngazi!"

Wakaniteremsha. Kanzu ilichanika mgongoni kuanzia shingo mpaka kiunoni. Salma na Mzee Kombo wakafika wakati huohuo, wakanikuta nimesimama uani na bukta namba tisa, Mzee Hemed ananishika mkono kama ndugu. Salma akafungua mdomo. Nikamwonya kwa jicho. Akaufunga, lakini niliona ameuweka akiba.

Mzee akanipa kikoi chake na shati. Salma akaketi pembeni na sindano aliyopewa, anaishona kanzu, ananitazama, anashona, ananitazama. Kahawa ikamiminwa. Halua ikapitishwa. Na mimi nikaanza kusema.

Nilisema vizuri, wadau. Nilimsifu Idi bila kumkweza. Nilimtaja Warda kwa adabu. Mzee Kombo alitikisa kichwa panapostahili. Nilipofika mahali pa kusema kwamba tumekuja kuomba udugu, Mzee Hemed akainua mkono.

"Ngoja niseme neno," akasema. "Mara ya kwanza nililetewa mtu aliyenidanganya jambo dogo, nikarudisha posa. Watu wakasema nina roho ngumu. Lakini mtu nisiyemjua nitampima kwa nini, kama si kwa jambo dogo? Leo nimeletewa mtu aliyepanda mti na kanzu yake ya heshima kwa ajili ya kinda. Hakujua kama kuna mtu anamwona. Mtu kama huyu akiniambia kijana ni mwema, namwamini."

Nikairudisha halua sahanini. Ningeweza kusema hapo. Mlango ulikuwa wazi, Mzee kanifungulia mwenyewe. Idi yuko Adelphi ameshika simu kwa mikono miwili. Nikawaza: nikisema sasa, nimeua posa. Nikinyamaza, nimemwoza binamu yangu. Nikanyamaza. Tena nikasema, "Ni wajibu wetu sote, Mzee." (Nipigeni mawe.)

"Warda," Mzee akaita, "hebu panda ngazi ukaangalie. Hao ndege wakishikiwa kinda lao huweza kulikimbia. Nisiwe na wasiwasi."

Nikasema, "Hapana haja, Mzee, lilikuwa zima kabisa!"

"Ndiyo maana aende akaone."

Tulimsikia akipanda. Tukamsikia akifungua kifuniko. Akarudi sebuleni na majani kwenye nywele, na karatasi mkononi.

"Baba, hakuna kinda. Hakuna hata mayai. There's just this note."

Mzee akaichukua, akainyoosha juu ya kitambaa cha meza, akasoma kwa sauti, neno kwa neno. "Wa kwanza." Akasimama kidogo. "Fumbo zuri. Sanduku limeundwa ovyo." Akasimama tena. Akatazama vidole vyake. "Misumari imekwenda upande."

Sikujua kama mwilini nina jasho kiasi kile. Lilinitoka hadi kwenye kikoi cha watu.

"Leo Jumamosi, saa nane na nusu," Mzee akaendelea. "Fundi Lifti."

Akainua macho. "Fundi Lifti ni nani?"

Nilinyoosha mkono kuichukua ile karatasi. Lakini Mzee Kombo, aliyekuja kwa kazi moja tu ya kukaa kimya, akachangamka kama aliyeulizwa swali analolijua. "Si huyu hapa! Ndivyo alivyoandika hata kwenye kadi ya sikukuu aliyoniletea."

Salma akakata uzi kwa meno.

Nikakiri. Nilikiri yote: tovuti, bao, GPS, kisanduku. Nilikuwa naongea haraka haraka na Mzee Hemed ananisikiliza kwa utulivu uliozidi kunimaliza.

"Kwa hiyo mtu anaficha sanduku msituni," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe unalitafuta kwa satelaiti."

"Ndiyo, Mzee."

"Ndani yake mna nini?"

"Karatasi."

"Ukiipata?"

"Naandika jina."

"Kisha?"

"Naiacha palepale."

Mzee Kombo akainama mbele. "Wanakulipa?"

"Bure, Mzee wangu."

Warda alikuwa amejiziba uso kwa mtandio na mabega yanamtetemeka. Alikuwa anacheka. Sikumlaumu. Laiti na baba yake angecheka! Ningetoa chochote nisikie anacheka. Lakini Mzee Hemed aliikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka pembeni ya birika.

"Ungeniambia hivyo ulipokuwa mtini," akasema, "ningekuona mjinga kidogo, tungekunywa kahawa. Misumari kweli imekwenda upande, mikono yangu inatetemeka siku hizi. Lakini nilikuuliza mara mbili."

Hakuinua sauti. Akatusindikiza mpaka mlangoni, akatuombea safari njema, akamwambia Mzee Kombo wasipoteane. Mimi alinipa mkono pia. Jibu la posa hakutoa. Nikatoka kwa watu na kikoi chao na kanzu yangu begani, na tulipofika maegesho nikakumbuka kwamba gari langu liko upande wa pili wa bustani. Ikabidi nikatize njia ileile ya miguu. Yule mama wa mazoezi alikuwa bado anazunguka. Safari hii hakusema kitu.

Nyumbani nikafungua kompyuta. Nilimwandikia Curtis kumuuliza alikoweka kisanduku. Akajibu baada ya dakika kumi:

"Ndugu yangu mpendwa, ninasikitika kukufahamisha kwamba umecheza bao la wakubwa. Fumbo langu linatumia bao la kujifunza, lile wanalofundishwa watoto, ambalo halina nyumba wala hiari ya kulala. Mkono huendelea. Jambo hilo nimelieleza katika kidokezo. Kisanduku kipo ng'ambo ya kijito, usawa wa bega la mtu mzima, na wa kwanza alikipata leo saa nne asubuhi. Ni bwana mmoja mstaafu. Alisema alisoma kanuni za bao katika maktaba."

Saa nne asubuhi. Wakati huo mimi nilikuwa bado napanga maharage.

Halafu Idi akapiga simu. Sikutaka kuipokea. Salma akaipokea, akaiweka sauti ya wazi, akaniwekea mbele yangu kama dawa.

"Kaka," Idi akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mzee Hemed amenipigia mwenyewe."

"Amesemaje?"

"Amesema Warda amemwambia ananitaka mimi, hataki kuolewa na mshenga. Na amesema kijana kwa mke amechagua vizuri, ila kwa washenga amechagua vibaya mara mbili. Amenikubali, kaka. Lakini posa haijapokewa. Anataka iletwe upya Jumamosi ijayo, na mtu mwingine."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Kaka."

"Naam."

"Amesema wewe unakaribishwa harusini. Ila usizungumze."

Salma ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nimekaa hapa tangu saa moja, naandika, na kila nikifumba macho nauona ule uso wa mzee ulivyolainika niliposema kinda. Nitamwandikia barua ya kuomba radhi. Nitaomba pia ruhusa ya kwenda kumtengenezea yule ndege nyasi zake, kwa ngazi, mchana, na mwenye nyumba akiwa amesimama chini.

Kwa hiyo nawaomba msicheke, au kama hamwezi kujizuia, chekeni haraka, kwa sababu kuna kazi. Binamu yangu anatafuta mshenga wa Jumamosi ijayo, saa kumi kamili, Lanham. Mvi si lazima. Ufasaha si lazima. Sifa inayotakiwa ni moja tu: akiulizwa anafanya nini, aseme anachofanya.